UZI: Nina milioni moja na laki mbili, nataka kompyuta ya gemu. Nianze na kipi?

Mbagala_Rangi3

Wakuu habari za usiku.

Nimechoka kulipia mechi kwenye mabanda. Juzi nimepiga hesabu ya mwezi mzima, nikaona aibu hata kumwambia mke wangu. Nimejibana tangu mwaka jana, sasa nina 1,200,000 taslimu, na haiongezeki hata shilingi. Nataka kompyuta ya mezani ya kuchezea FC, GTA V, na Valorant ambayo mpwa wangu ananisumbua nayo. Pia huwa nakata video za harusi, kwa hiyo itaniingizia na hela ya vocha.

Kioo ninacho, TV ya inchi 32 yenye HDMI. Kibodi na mausi vipo.

Binamu yangu kanishauri ninunue kwanza kadi ya picha, GTX 1660 Super, kapata mtu anaiuza 480,000. Anasema vingine nitaunga mdogo mdogo. Kabla sijatoa hela nimesema niulize kwa wanaojua. Nimuamini?

Mpangaji_wa_Tatu

Nunua PS4 mkuu, hela inabaki unakula kuku.

Mbagala_Rangi3

PS4 inakata video za harusi?

Mpangaji_wa_Tatu

Hapo umenibana. Ngoja niweke kambi nijifunze.

FundiWaKona

Usimpe mtu 480,000 kesho. Binamu yako hajakosea kwamba kadi ndiyo inayobeba gemu, ila kakuanzishia mwisho wa safari. 1660 Super inakula wati 125 na inadai waya wake wa umeme kutoka kwenye pawa saplai, plagi ya pini 8. Ukishainunua, imekuchagulia kila kitu kingine: pawa saplai ya maana, kasha linaloipokea, madabodi (ubao mkuu wa ndani) ya kawaida. Hela iliyobaki haivifikii. Utakaa na kadi kwenye boksi miezi sita huku unaifuta vumbi. Nimewaona wengi.

Kwa bajeti yako njia ni moja tu: mashine ya ofisi iliyotumika, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazokuja kwa makontena, halafu unaichomekea kadi inayokula umeme wa madabodi peke yake. Ile tundu ndefu ya kadi kwenye madabodi inatoa hadi wati 75, basi. Kadi zinazoishi humo ndani ni GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote 4GB. Angalia tu isiwe ile 1650 ambayo kampuni iliyoiunda imeongeza plagi ya pini 6 juu yake, maana zipo.

Sasa sikiliza sehemu inayowaliza watu. Mashine hizi zina maumbo mawili matatu. Kuna tawa, lile kasha nene linalosimama, na kuna lile jembamba ambalo wauzaji wanalipenda kwa sababu ni zuri machoni na halichukui nafasi. Jembamba linataka kadi fupi yenye bati fupi, na kadi fupi za 1650 nyingi ni nene, zinakula nafasi mbili, na kwenye makasha mengi membamba hapo pembeni unakuta pawa saplai imeshakaa. Chukua tawa. Wakikwambia "bei moja tu boss, hii ndogo ni ya kisasa", chukua tawa.

Prosesa usishuke chini ya Intel kizazi cha 8. i5-8500 (ile 8 ya mwanzo ndiyo kizazi) ni kokwa sita, yaani vichwa sita vya kufanyia kazi, wati 65, inatosha kabisa.

Mbagala_Rangi3

Shikamoo mzee. Kwa nini kizazi cha 8? Nimeona i7 ya kizazi cha 4 kwa 350,000, na i7 si kubwa kuliko i5?

FundiWaKona

Marahaba. i7-4770 ni ya 2013, kokwa nne. i5-8500 ni ya 2018, kokwa sita, na kila kokwa ina nguvu zaidi. Namba baada ya "i" inakwambia cheo chake ndani ya mwaka wake, kama ukapteni wa timu ya mtaa. Haikwambii timu iko daraja gani.

Halafu Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Ujanja wa kuipachika kwenye mashine ya zamani upo, ila hiyo Valorant ya mpwa wako kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vile vya ulinzi ndani ya mashine, viwe vimewashwa. Mashine ya kizazi cha 4 utahangaika nayo hadi uichukie.

Kontena_40

Mnampoteza kijana. Agiza Guangzhou. Prosesa ya seva, Xeon E5-2680 v4, KOKWA 14, nyuzi (thread) 28, pamoja na madabodi ya X99 ya Kichina, bei ya kutupa. Mimi ninayo. i5 gani hiyo ya kokwa sita mwaka huu?

Dada_wa_Mabibo

Kontena_40, kokwa 14 za nini kwenye FC? Gemu nyingi zinategemea kasi ya kokwa chache. Xeon hiyo ikijikaza sana inafika 3.3GHz, i5-8500 inapanda hadi 4.1. Na inakula wati 120 peke yake kabla hujaweka kadi, kwa hiyo anarudi kulekule kwenye kununua pawa saplai.

Na haina picha ya ndani. Kadi ikifa siku moja, kioo cheusi, huwezi hata kufungua barua pepe. OptiPlex unachomoa kadi, unachomeka HDMI kwenye mashine yenyewe au unatafuta kiungio, maisha yanaendelea.

Kontena_40

Mimi natoa video nzito, inanisaidia sana.

Dada_wa_Mabibo

Kwako sawa, wala sibishi. Yeye anakata harusi dakika arobaini, na mzigo wa meli ukichelewa ataendelea kulipia mechi bandani.

Luthuli_Boy

Wadau, nasoma nikiwa Nairobi. Huku hizo mashine tunaziita ex-UK, ukienda Luthuli Avenue unazipata zimepangwa kama mikate. Nakubaliana na Fundi kuhusu tawa. Niongeze jambo moja kuhusu plagi kwa sababu lilinigharimu.

Nilinunua OptiPlex 9020 nikidhani baadaye nitabadilisha tu pawa saplai niweke kadi kubwa. Kufungua, plagi ya kwenda kwenye madabodi ina pini 8. Pawa saplai ya dukani ina pini 24. Haziingiliani. Ilibidi nitafute kiungio. Kinachoshangaza, kaka yake mkubwa, 7010 ya tawa ya 2012, inapokea pini 24 za kawaida bila shida. Kampuni ileile. Kwa hivyo usinunue ukiwa na mpango wa "nitabadilisha baadaye" kabla hujafungua kifuniko na kuhesabu pini kwa macho yako.

Mpangaji_wa_Tatu

Na kadi ya RX 6400? Jamaa yangu anaisifia, wati 53 tu, fupi, haitaki waya.

Dada_wa_Mabibo

Nzuri kwenye mashine mpya. Kwenye ya kizazi cha 8 inaumia. Ina njia nne tu za kupitishia data, ikategemea madabodi iwe na PCIe 4.0 (toleo la tundu la kadi) ili njia hizo nne zitoshe. OptiPlex ni 3.0, kwa hiyo barabara inakuwa nusu, na kumbukumbu yake ya 4GB ikijaa unaona picha inashtuka-shtuka. Pia haina kifaa cha ndani cha kubana video. Mtu anayekata harusi asiiguse.

Binti_Wete

Assalaam alaykum. Mnazungumzia 1050 Ti na 1650 kama vile kila inayouzwa ni yenyewe. Nikuelezeni yalonikuta mie.

Nilinunua "GTX 1050 Ti 4GB" kwa laki na themanini, kwa mtu niliyemuona mtandaoni, tukakutana, akanionesha kwenye laptop yake picha ya kompyuta ikiwa imewaka na jina la kadi limeandikwa vizuri. Nikarudi nayo nyumbani. Windows inasema 1050 Ti. Nimo kwenye GTA, dakika mbili tatu, picha inaganda, halafu mashine inajizima.

Nikapakua programu ya GPU-Z. Nikafungua. Palipo na jina, mwanzoni kabisa pameandikwa [FAKE]. Chini yake, chipu halisi ni GTS 450. Ya mwaka 2010! Wameichezea BIOS yake (programu ya ndani ya kadi) ijitambulishe kwa jina la mwenziwe. Kumbukumbu inajidai 4GB na ndani haipo, ndiyo maana gemu ikitaka zaidi inaganda.

Na alama ilikuwepo mbele ya macho yangu, ila sikuijua. Nyuma ya kadi palikuwa na tundu la VGA, lile la buluu. Kizazi cha 1050 Ti, Nvidia walishaacha kutoa picha ya VGA. Ukiona buluu, iwache.

Yule mtu namba yake haipatikani tena. Kadi nimeifanya kizuizi cha mlango.

FundiWaKona

Pole sana mwanangu. Ahsante kwa kusema wazi, wengi wanaona haya.

Kijana, tia GPU-Z kwenye flashi yako uende nayo. Muuzaji akikataa usiichomeke, umeshapata jibu.

Mbagala_Rangi3

Na hizi RX 580 8GB zinazouzwa bei moja na 1650? Ni kubwa mara mbili!

Dada_wa_Mabibo

Septemba 2022 sarafu ya mtandaoni ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi, na kadi zilizokuwa zinakoroma usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Nyingi ya hizo RX 580 ndizo. Kuchimba peke yake hakuiui kadi, ila feni zimechoka na pesti ya kupitisha joto imekauka. Kuna na mchezo wa jina: ukiona "2048SP" mwishoni, hiyo kwa ndani ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake, 580 kamili ina 2304.

Ila kwako wewe hoja inaishia mapema. RX 580 inakula wati 185. Pawa saplai ya OptiPlex ni 260 kwa mashine nzima, na waya wa pini 8 haina. Umeshatoka kwenye bajeti.

Kijana_wa_Sinza

Mimi ningeanza upya kabisa. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, ina picha ya ndani, kadi ananunua mwakani. Kila kitu kipya, na warantii juu.

FundiWaKona

Miaka miwili nyuma ningekuunga mkono. Tatizo ni RAM. Ile picha ya ndani ya 5600G inakopa RAM ya mashine, kwa hiyo lazima uwe na vipande viwili, 8 na 8, ukiweka kimoja inatembea kama imefungwa kamba mguuni. Na RAM tangu mwisho wa 2025 imepanda vibaya, viwanda vimegeukia kumbukumbu za seva za akili unde. Micron Desemba ile walitangaza wanaachana na Crucial, RAM na SSD ambazo sisi mafundi tulikuwa tunamuwekea kila mtu. Kwa sasa mashine iliyotumika ambayo tayari ina RAM ndani ni nafuu mara mbili, kwa sababu yule muuzaji bado anaihesabu RAM kwa bei ya zamani.

Na kwa wanaosoma kimyakimya: AMD 5600 bila G haina picha ya ndani, Intel 12100 yenye F mwishoni haina. Kila wiki naletewa moja ya hizo, "fundi, kompyuta mpya haiwaki". Inawaka, haina pa kutolea picha tu.

Mpangaji_wa_Tatu

Swali la uchumi. Luku itahimili? Kwangu tupo kwenye zile uniti 75 za bei nafuu na mwenye nyumba anapiga jicho.

Dada_wa_Mabibo

Mashine kama hiyo ikiwa kwenye gemu chukulia wati 150, TV 50. Jumla 200. Saa nne kila siku ni uniti 0.8, mwezi uniti 24. Karibu theluthi ya 75 zako. Friji likiwemo humo ndani, pigeni hesabu na mwenye nyumba kabla hajapiga yeye.

Mbagala_Rangi3

Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilikuwa Kariakoo kuanzia saa tatu asubuhi.

Duka la kwanza walinitolea lile jembamba. Nikasema nataka tawa. Akasema ni kitu kilekile kaka, hii imepungua unene tu. Nikakumbuka maneno ya mzee nikaondoka. La pili walikuwa na tawa, ila i5-6500, muuzaji anasema "hiyo hiyo". La tatu, ghorofani, mama mmoja ana rundo la OptiPlex zimelaliana kama magunia. Nikamwambia naomba 5060 ya tawa, i5-8500, na naomba kufungua. Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Wewe fundi?" Nikasema hapana mama, nina mafundi wengi mtandaoni. Akacheka, akanipa bisibisi.

Sikuhitaji hata bisibisi, ina kitasa pembeni, unavuta, kifuniko kinatoka. Ndani vumbi jekundu, nadhani kontena lilipitia kwingine kabla ya bahari. Pawa saplai imeandikwa 260W. RAM kipande kimoja cha 8. Tundu la SSD ya M.2 tupu. Tukaiwasha, nikaingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla ya Windows, nikaona i5-8500 kwa macho yangu. Alianza 600,000, tukamalizana 520,000 na diski ya 500GB ndani.

Kadi nimepata kwa kijana mtaa wa pili, GTX 1650, haina tundu la plagi ya umeme, haina buluu. Nikamwambia nina flashi. Akasema chomeka tu bro, mimi sina presha. GPU-Z ikaisoma safi, TU117, chipu ya 1650 yenyewe. Nikaacha gemu yake inazunguka dakika ishirini tukiwa tunakunywa juisi ya miwa. 330,000.

SSD ya M.2 512GB mpya 130,000. RAM nyingine 8GB 95,000. UPS ya 650VA 120,000, kwa sababu huku kwetu umeme ukikatika hauagi, na ukirudi unarudi na hasira.

Jumla 1,195,000. Elfu tano ikaenda kwa bodaboda, mashine nimeipakata kama mtoto wa kliniki.

Luthuli_Boy

Umecheza kama wewe msee.

Mbagala_Rangi3

Msisherehekee. FC inapiga fremu 60 bila kutetereka, GTA mwendo mzuri. Ila Valorant haifunguki kabisa, inaleta kosa la VAN9001. Mpwa wangu amenuna, anakula bila kuongea. Na feni ya prosesa inalia kama ndege inapaa, kipimo cha joto kinasema nyuzi 94.

Dada_wa_Mabibo

VAN9001 ni TPM au Secure Boot. Windows ulipachika wewe au ilikuja na mashine?

Mbagala_Rangi3

Ilikuja nayo. Niliinakili kutoka diski ya zamani kwenda SSD.

Dada_wa_Mabibo

Ndiyo hiyo. Wengi wanapachika kwa mtindo wa kizamani, Legacy, na Windows ya namna hiyo haiwezi kuwasha Secure Boot. Hamisha mafaili yako. Zima, washa huku unagonga F2. Weka UEFI (mtindo mpya wa kuwasha), hakikisha TPM imewashwa, washa Secure Boot. Halafu pachika Windows 11 upya kwenye SSD kutoka kwenye flashi, futa vipande (partition) vyote vya SSD kwanza. Usibadilishe UEFI halafu ukategemea Windows ya zamani iwake, haitawaka, utatutia presha bure.

FundiWaKona

Nyuzi 94 ni pesti. Mashine hiyo tangu 2018 haijafunguliwa. Nunua tyubu ndogo, toa bomba la joto lenye feni, fungua skrubu nne kwa mkato wa msalaba, kidogo kidogo. Ukikuta unga mkavu kama chaki, usikwangue kwa kisu. Pamba na spiriti. Pesti mpya tone moja katikati, ukubwa wa punje ya dengu. Watu wa Dar mnapenda kuipaka kama siagi.

Mbagala_Rangi3

Wakuu. Ilikuwa chaki kweli, nimeifuta mara nne pamba bado inatoka kijivu. Sasa kwenye gemu haivuki 71, feni hata siisikii, nasikia jenereta la jirani.

Windows nimerudia mara mbili, ya kwanza nilisahau kufuta vipande. Valorant imefunguka saa sita usiku. Nilimuamsha mpwa. Amecheza mechi moja akafa mara kumi na tisa, akasema tatizo ni kioo, TV inachelewa.

Binti_Wete

😂 Hilo la kioo ni kweli lakini. Ingia kwenye mipangilio ya TV utafute hali ya gemu, uchelewaji utapungua. Kufa mara kumi na tisa ni lake mwenyewe.

Mpangaji_wa_Tatu

Mkuu ile diski ya 500GB uliyoitoa, bado ipo?

Mbagala_Rangi3

Ipo. Elfu ishirini na tano, njoo uichukue Rangi Tatu. Na uje na flashi yako uipime mwenyewe.